Kizibo Chenye Pete

Saa saba na dakika ishirini na tano mchana, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Septemba, Mzee Mandlakayise Ndlela aliiweka chupa ya bia chini ya kiti chake, akasema kinywa kinamwasha, akainuka, akaanguka. Alianguka mbele ya watu zaidi ya sitini waliokuja kijijini KwaMgodi kumvua MaHadebe nguo nyeusi za ujane. Saa nane na dakika tano alikuwa amekata roho, na gari la wagonjwa lilikuwa bado halijatoka Howick.

Kufikia saa nane na robo watu walikwisha kumpata mwuaji. Hawakuhitaji ushahidi wala polisi. Mwanamke aliyemmaliza mume wake mwaka jana sasa amemmaliza na baba mkubwa wa mumewe, basi. Kwamba mume huyo, Mphikeleli Ndlela, alikufa kwa moyo, na daktari akaandika hivyo kwa mkono wake, hakuna aliyetaka kukumbuka. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mdogo wa Mphikeleli, Bhekumuzi, ambaye ndiye aliyekuwa mgawaji wa pombe siku hiyo.

Sajenti Nokukhanya Dladla alifika saa tisa kasoro dakika ishirini na kukuta dumu la petroli mlangoni mwa jikoni.

"Dumu la nani hili?" aliuliza.

Waliokuwa karibu nalo walirudi nyuma hatua moja.

"Basi halina mwenyewe. Konstebo, litie garini. Na atakayelitafuta, muulize jina."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na kitu kilichomchefua kuliko maiti ni umati wa watu wenye uhakika. Alianza na kiti cha marehemu. Chupa ilikuwa imebaki na bia nyeusi kiasi cha vidole viwili. Daktari wa zamu alipoinusa na kuyaangalia macho ya marehemu, alisema ni dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, na kwamba maabara itathibitisha. Kisha Dladla alipiga magoti akaokota vizibo kwenye majani. Vyote vilikuwa vya rangi ya dhahabu, vimepindwa kidogo na kifunguzi, na juu ni laini. Kimoja tu, kilichokuwa chini ya kiti cha marehemu, kilikuwa na alama ya duara juu yake, kama pete iliyogandamizwa kwenye bati. Alikitia kwenye bahasha, bahasha akaitia mfukoni, na hakumwambia mtu, hata konstebo wake.

MaHadebe alikuwa amekaa jikoni, kitambaa cheusi cha kichwa mkononi. Gauni jipya lilikuwa limetundikwa ukutani, halijavaliwa.

"Bia hii umeitoa wapi?"

"Nimeagiza vitu mtandaoni, nikapika mwenyewe."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua. Mimi sinywi."

"Linakuja boksi. Ndani kuna bati la shira ya kimea, pakiti ya hamira na vizibo. Unayeyusha shira kwa maji ya moto ndani ya ndoo, unajaza maji mpaka lita ishirini na tatu, ikipoa unanyunyiza hamira, unafunika. Juu ya ndoo kuna kipumulio. Kikitoa mapovu, hamira inafanya kazi. Nilipika tarehe nane Agosti. Tarehe ishirini na mbili kilikuwa kimenyamaza, nikaitia kwenye chupa, kijiko cha sukari kila chupa, nikaziba. Wiki mbili tena ndipo ipate gesi."

"Ungepika ya mtama kama watu wote, yasingekukuta maneno."

MaHadebe aliinua uso, na hasira iliyokuwa humo haikuwa ya mtu mwenye hatia. "Mume wangu alikunywa hii. Kila mwezi aliagiza bati moja la bia nyeusi, na mimi ndiye niliyemwoshea chupa. Siku ya kumkumbuka yeye, nipike anayopenda nani?"

"Nani alionja?"

"Mimi, mbele ya wote. Mwenye pombe huonja kwanza, waone haina ubaya. Kisha shemeji Bhekumuzi akazigawa, na kila anayoifungua anaionja kabla ya kumpa mtu. Aliwakemea hata vijana waliotaka kujifungulia wenyewe. Alisema pombe isiyoonjwa ni matusi."

"Kuna mtu aliyepata chupa kabla ya leo?"

"Ni yeye tu. Jumapili iliyopita alikuja kuona maandalizi, nikampa mbili aende nazo. Akanipigia simu kusifu."

"Na marehemu? Mlikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi?" Alikikunja kile kitambaa mpaka vidole vikakakamaa. "Saa tisa leo alikuwa asimame aseme mbele ya ukoo kwamba nyumba hii aliijenga mume wangu na ni yangu. Katika akina Ndlela wote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kinywa cha kusema hivyo. Nimuue yeye, afande? Nibaki na hawa?"

Saa kumi na moja kapteni wake alipiga simu. Jumatatu asubuhi mwanamke apelekwe mahakamani, alisema, bia ni yake, chupa ni zake, kuna nini tena? Dladla alimchukua MaHadebe akamweka mahabusu, na hilo halikuwa kwa ajili ya kapteni. Alimweka huko kwa sababu petroli haiuzwi dumu moja tu. Njiani watu walitemea gari mate.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi alibisha kwa MaNgcobo, jirani aliyepika pombe ya mtama kwa kila shughuli ya bonde lile tangu ujana wake, isipokuwa hii. Majirani walimsikia akiapa kwamba bia ya kuagiza kwa simu itawatoa watu utumbo. Dirishani kwake ilikuwepo chupa ya dawa ya kupe.

"Ninayo," MaNgcobo alisema, mikono kiunoni. "Ingia nyumba yoyote yenye ng'ombe hapa uniambie utaikosa wapi."

"Ulisema bia itawatoa watu utumbo."

"Nilisema, na nitasema tena. Pombe inaletwa na gari ndani ya boksi kama viatu! Mtu unafungua bati unamimina maji, halafu unaitwa mpishi. Nilikasirika, ndiyo. Lakini mwanangu, mimi nikitaka kumwua mtu kwa pombe, nitaiharibu yangu? Nitaiharibu ya mtu? Pombe haitiwi kitu. Hilo halifanywi."

"Ulikaa wapi?"

"Karibu na Bhekumuzi, nikimtazama mikono. Pombe ikigawiwa mimi siangalii kitu kingine. Anafungua, inafanya psss, anaonja, anampa mtu. Psss, anaonja, anampa. Nikasema huyu kweli amelelewa. Mpaka alipofika kwa Mandlakayise."

"Akafanyaje?"

"Akafungua, ikanyamaza. Haikutoa hata pumzi. Akampa hivyohivyo bila kuonja. Mzee wa ukoo anapewa pombe isiyoonjwa! Nilichukia mpaka nikageuza uso."

"Jana mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Kila mtu alikuwa anapiga kelele."

"Na wewe ulikuwa unapiga kelele gani, mama?"

MaNgcobo alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Nilisema mchawi," alisema.

Dladla alitoka bila kuaga. Angebaki, angesema neno ambalo mtu mwenye sare hapaswi kulisema.

Saa nne alikuwa mjini Pietermaritzburg, katika gereji ya Priya Naicker, ambaye huuza vifaa vya kupikia bia mtandaoni na kuvifunga mwenyewe kwenye maboksi. Mabati ya shira yalikuwa yamepangwa mpaka darini na harufu ya kimea imekolea kila mahali. Dladla alitoa bahasha.

"Kizibo hiki ni chako?"

"Ni changu, ila alama hiyo siyo ya kiwandani." Priya alikigeuza kwenye mwanga. "Hiki kimezibwa na kibanio cha mkono, kile chenye mikono miwili. Kinagandamiza bati katikati na kuacha pete. MaHadebe hana kibanio hicho. Mumewe alinunua kwangu mashine ya mezani miaka minne iliyopita. Ile inaacha kizibo laini."

"Na chupa ikizibwa mara ya pili?"

"Gesi yake imeshatoka, dada. Ukiifungua husikii kitu."

"Nani amenunua kibanio cha mkono kule KwaMgodi?"

Priya alipekua kompyuta yake, akakunja uso. "Mphikeleli Ndlela. Ameagiza tarehe ishirini na nne Agosti, kibanio cha mkono na vizibo vya dhahabu. Kimechukuliwa Howick tarehe ishirini na saba, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake."

"Mphikeleli amekufa Septemba mwaka jana."

Priya aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Mimi nilidhani mkewe anatumia akaunti yake. Nilimwandikia hata ahsante."

Hivyo hivyo ndivyo kapteni angedhani. Dladla alipiga simu kituoni, wakampa MaHadebe.

"Bati lako la Agosti uliagiza kwa jina gani?"

"Langu. Sina namna ya kuingia kwenye akaunti ya mume wangu, iko kwenye simu yake."

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Ilipotea siku ya mazishi. Ilikuwa na picha zake zote. Niliwauliza wote waliolala hapa, na shemeji akaniambia nisiwaite wageni wezi."

Dladla alikata simu. Aliazima kibanio cha mkono na vizibo vichache vya dhahabu akaondoka.

Saa tisa alasiri ukoo ulikutana uani kwa MaHadebe kupanga mazishi. Walikuwa wamekwisha kuingia kwenye nyumba bila mwenyewe, na mtu alikuwa ameshaliondoa gauni ukutani. Dladla alimshusha MaHadebe garini, minong'ono ikapanda. Akaweka mezani kreti yenye chupa sita kutoka ghalani.

"Kabla sijampeleka mahakamani nataka kuona jana ilikuwaje," alisema. "Baba Bhekumuzi, wewe ndiye mgawaji. Gawa."

Bhekumuzi alisogea akijiamini, mtu mrefu mwenye sauti ya mikutano. Alichukua chupa ya kwanza, akafungua, psss, akaonja, akampa binamu yake. Ya pili vivyo hivyo. "Ndivyo tulivyofundishwa," aliwaambia vijana. Akaishika ya tatu, kifunguzi kikagusa kizibo, kisha kikasimama. Aliitazama juu kwa kitambo. Akairudisha kwenye kreti na kuchukua ya nne.

"Umeruka moja," Dladla alisema.

"Hiyo imeharibika."

"Umejuaje? Hujaifungua."

"Inaonekana tu, afande."

"Waonyeshe. Mimi nimeitazama vya kutosha. Wengine pia waone, kwenye chupa hii kuna nini kinachoonekana?"

Dladla aliichukua ile chupa, akaifungua, ikanyamaza. Yeye asiyekunywa akanywa mafunda matatu, akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Ni bia nzuri," alisema. "Nimeifungua na kuiziba tena mwenyewe saa saba leo, kwa kibanio cha mkono. Kibanio hicho huacha pete juu ya kizibo. Chupa iliyomwua mzee ilikuwa na pete kama hii, na habari hiyo ilikuwa mfukoni mwangu tangu jana. Aliyeiogopa pete ni yule tu aliyeipiga. Jana ulionja kila chupa na kuwakemea watoto wa watu. Moja tu hukuionja."

"Mama huyu anadanganya," Bhekumuzi aliwaambia nduguze.

"Mimi nilikuona," alisema MaNgcobo kutoka nyuma. "Haikulia, na hukuionja."

Langoni konstebo alikuwa ameinuka kutoka kwenye gari la Bhekumuzi. Mkono mmoja alishika kibanio, mwingine simu ndogo nyeusi yenye kioo kilichopasuka pembeni. MaHadebe aliitambua kabla hajaambiwa. Alitoa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi.

"Uliiba simu kwa maiti ya ndugu yako," Dladla alisema. "Ukaagiza kwa jina lake, ili siku tukitafuta, tumkute mkewe. Chupa moja kati ya mbili alizokupa ukaitia dawa, ukaiziba, ukaja nayo shughulini. Aliyekuwa amtetee afe, na yeye afungwe. Sema sasa ni kwa nini, wakusikie."

Bhekumuzi alipasuka. "Kiwanja ni cha baba yangu! Mimi nina watoto watano kwenye chumba cha kupanga mjini, yeye analala vyumba vinne peke yake, mwanamke wa ukoo mwingine! Na mzee anataka kusimama ampe kabisa. Mnataka ninyamaze?"

MaHadebe alimkaribia mpaka konstebo akanyoosha mkono kumzuia.

"Ulinipigia simu ukaniambia ni tamu," alisema. "Kama ya kaka, ulisema. Nililia nikakushukuru."

Bhekumuzi alipakiwa kwenye gari la polisi saa kumi na robo. Watu waliokuwa na dumu la petroli siku iliyopita walishindana kumfungulia MaHadebe mlango wake mwenyewe, mmoja ameshika gauni. Alilipokea gauni, akaingia, akafunga.

Jumamosi iliyofuata mchana, baada ya mazishi ya mzee, MaNgcobo alipanda kilima na chungu cha pombe ya mtama kichwani. Alikitua mbele ya MaHadebe, aliyekuwa barazani na gauni jipya, akipanga chupa tupu.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. Akachota kwa kibuyu, akaonja kama ipasavyo, akamnyooshea.

MaHadebe hakukipokea.

"Onja tena," alisema.

MaNgcobo alionja tena.

"Tena."

Yule mama aliyewapikia watu wote wa bonde hilo kwa miaka arobaini, asiyewahi kuulizwa pombe yake ina nini, alikinywa kibuyu chote mpaka chini, machozi yakimtoka. Ndipo MaHadebe aliposogeza kiti kingine, akachota cha kwake.