Moto wa Matano

Asubuhi Mboni alichukua kigae, akaenda kuomba moto kwa jirani yake, Bi Mwanamvua.

"Shikamoo, mama. Naomba kijinga cha moto."

Bi Mwanamvua aliendelea kumenya muhogo. Kisha akasema, "Kamwombe mumeo. Yeye moto anao mwingi."

Mboni akarudi na kigae kitupu. Ilikuwa siku ya tisa tangu watengwe. Mumewe, Matano, alikuwa amechoma pori la shamba lake mchana wa jua kali, bila kumwambia mtu. Upepo ukauvusha moto, ukateketeza ghala la mpunga la Bi Mwanamvua. Wazee walipomwita Matano, alijibu, "Shamba langu, moto wangu." Jibu la kijinga kabisa! Basi kijiji kizima cha Kurui kikawatenga.

Mboni alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Mama yake alikuwa mbali, Ruvu. Mkunga wa kijiji ni huyo huyo Bi Mwanamvua. Kisimani wanawake walicheka. Mboni akifika, wananyamaza. Aliogopa sana. Alilia jikoni peke yake.

Siku hiyo bwana shamba, Mwinyimadi, alifika kwa baiskeli.

"Matano, shamba ni lako. Upepo je, nao ni wako?"

Mwinyimadi akamwonyesha mpaka wa shamba.

"Kabla ya kuchoma, safisha mpaka wote, upana wa hatua sita, lisibaki hata jani. Ngoja jioni upepo utulie. Waambie majirani waje na matawi mabichi ya kuzimia moto."

"Hawaongei nami, bwana."

"Kaombe radhi kwanza."

Mwinyimadi akaenda pia kwa mkuu wa kijiji, Jumbe Pazi. "Matano kakosa, na alipe. Lakini Mboni kachoma nini?"

Jumbe akasema, "Kweli, tumepitiliza."

Matano aliomba radhi. Akamjengea Bi Mwanamvua ghala jipya, akatia humo mpunga wake mwenyewe.

Siku chache baadaye Mboni alishikwa na uchungu. Bi Mwanamvua alikuja mbio.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe hukuwa na kosa."

Mboni alimshika mkono, akalia kwa sauti. Alijifungua salama mtoto wa kike, na nyumba ikajaa wanawake.

Siku hizi watu wa Kurui huchoma mashamba kwa kuarifiana. Na mtu akikosa, hulipa yeye, si mkewe.