Beseni la Bwana Haraka

Kila jioni, akishamaliza kazi za shule, Chiriku alimwogesha kobe wake. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kobe naye walimwita Bwana Haraka, kwa utani tu.

Jioni moja ndoo ya kobe ilipasuka. Chiriku akachukua beseni la kumwogeshea mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Bwana Haraka akaoga akatakata. Chiriku akalisuuza beseni kwa maji kidogo na kulirudisha bafuni. Nani angejua?

Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa na kuharisha, hata kunyonya akakataa. Mama akambeba mbio hadi zahanati, Chiriku nyuma na mkoba wa nepi.

"Mnafuga mnyama yeyote?" daktari aliuliza.

"Hata kuku hatuna," mama alijibu. Kwake yeye, kobe alikuwa jiwe la uani tu.

Chiriku akawaza. Akisema, Bwana Haraka atatupwa. Lakini mdogo wake alikuwa amelegea begani kwa mama, hana hata nguvu ya kulia. Chiriku akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Tuna kobe," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilimwogesha kwenye beseni la mtoto."

"Ala! We mtoto, utaniulia mwenzio!" mama alimaka.

"Usimgombeze, mama, ametusaidia," daktari alisema. "Kobe, mijusi na nyoka wanaofugwa hubeba bakteria waitwao salmonela. Wanyama wenyewe hawaumwi, ila bakteria hao huwaangusha watoto wadogo. Sasa najua cha kupima."

Vipimo vikathibitisha. Mtoto akatibiwa, na haikupita wiki akaanza tena kuvuta nywele za dada yake.

Bwana Haraka hakutupwa. Alipata beseni lake jipya, likakaa uani, mbali na jikoni na bafu. Na kila aliyemshika alinawa mikono kwa sabuni, apende asipende.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," mama alimwambia Chiriku siku moja wakianika nepi. "Kosa ulifanya. Lakini ungenyamaza siku ile, leo tungekuwa tunalia. Mdomo wako huo, mwanangu, sitaunyamazisha tena."

"Kweli, mama? Basi ngoja nikusimulie ya shuleni..."

Nepi zilikauka zote, Chiriku bado anasimulia.