Kikombe cha Kuuzia Shamba

Esteri alirudi kijijini Heru Juu, Kasulu, kutoka Dar es Salaam na sanduku jipya na maneno mengi. Alikuwa amekwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wake, Loyce. Alikaa siku kumi tu. Lakini ungemsikiliza, ungedhani kazaliwa kule.

Kila asubuhi alimenya mihogo huku akisimulia.

"Kule maji yanakufuata jikoni. Unafungua, unafunga. Na ukipika chakula, watu wananunua hujakaa hata chini."

Mume wake, Kipriani, baba wa mtoto wao Reverien, alikuwa akinoa jembe. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili aliuliza maswali. Siku ya tatu aliweka jembe chini.

"Basi twende tukaishi huko," alisema. "Tuuze shamba, tufungue mgahawa."

Esteri alifurahi mpaka akajikata kidole. Mgahawa aliusikia vizuri sana. Neno la shamba lilimpita.

Jirani yao Melkiadi halikumpita. Alikuwa akilitamani shamba lile miaka mingi. Akaahidi kuja Jumapili baada ya ibada, na pombe ya ndizi. Kwa desturi ya mtaa wao, mwenye shamba akishakunywa kikombe cha mnunuzi mbele ya majirani, maneno yamekwisha. Kurudi nyuma ni aibu.

Jumapili ilipofika, Esteri alitoka kanisani akapitia bombani kuchota maji. Pale alimkuta Mwalimu Stumai. Mwalimu huyu ni mtu wa Tanga. Aliishi Dar miaka minane kabla ya kuhamishiwa Kasulu. Esteri akamweleza safari yote.

"Nani alilipa kodi ya nyumba?" Mwalimu aliuliza.

"Loyce."

"Na umeme?"

"Loyce."

"Maji yalipokatika, ulichota wapi?"

"Hayakukatika."

"Ulikuwa na bahati. Mama Reverien, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekula siku kumi, jembe hukuliona."

Esteri aliweka ndoo chini. Maneno yalimuuma, maana yalikuwa kweli.

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nani kasema usiende? Nenda. Watu wengi wanaishi vizuri kule. Lakini usiuze unapolala kabla hujajua utakapolala. Aende mmoja wenu, miezi mitatu. Apange chumba chake, afanye kazi, aone. Shamba libaki."

"Lakini Baba Reverien na Melkiadi wanakunywa leo. Sasa hivi."

"Wewe umekubali?"

"Hakuniuliza. Na mimi sikusema hapana."

"Shamba la familia haliuzwi na mtu mmoja. Mke na mume wakubali wote wawili, na serikali ya kijiji iridhie kwa maandishi. Kikombe si hati. Lakini mumeo akishakunywa mbele ya watu, aibu itamfunga mdomo. Wahi."

Esteri aliacha ndoo pale pale. Alikimbia na nguo zake za kanisani, watoto wa njiani wakimcheka.

Alipofika, majirani walikuwa wamekaa uani. Kipriani ameshika kikombe, na kikombe kiko karibu na mdomo. Esteri aliogopa. Alikuwa hajawahi kumzuia mumewe mbele ya watu. Hata hivyo alinyoosha mkono, akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Baba Reverien, shamba hili ni letu sote. Mimi sijakubali kuuza."

Majirani waligeuka kumtazama.

"Si wewe uliyesema Dar kutamu?" Melkiadi aliuliza.

"Ni mimi. Na bado kutamu. Ila nilikuwa mgeni. Nitarudi Dar kwa miezi mitatu, nikaishi kwa jasho langu. Nikishindwa, nitakuwa na pa kurudi."

Kipriani aliitazama mihogo nyuma ya nyumba. Baba yake, mzee Manirambona, alikuja kutoka Burundi hana hata panga. Ardhi ile aliifyeka kwa panga la kuazima. Kipriani aliona aibu ya kukirudisha kikombe, lakini aibu ya kuiuza ardhi hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Akakiweka chini.

"Nilikosa," alisema. "Nilipaswa kumuuliza mke wangu kwanza."

Melkiadi alibeba pombe yake akaondoka akinung'unika. Inasemekana aliimaliza peke yake.

Baada ya mavuno Esteri alikwenda Dar na magunia mawili ya unga wa muhogo. Alipanga chumba karibu na kwa Loyce. Siku ya tatu bomba lilikauka. Loyce akamkabidhi ndoo mbili na kumwonyesha kisima, mwendo wa nusu saa.

"Jembe langu hili," Esteri alisema, akacheka, akaenda.

Alipika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Wiki ya kwanza chakula kilibaki. Wiki ya pili watu wa Kigoma walisikia harufu ya kwao, wakaanza kuja. Mwezi wa tatu, sufuria moja haikutosha, na unga ulikuwa unakwisha.

Alimpigia Kipriani simu.

"Unarudi?" Kipriani aliuliza.

"Bado kidogo. Nitumie unga."

"Wa wapi?"

"Wa shamba letu," Esteri alisema. "Lile ulilotaka kulinywa."