Taa Iliyozimwa kwa Kuogopa Kuchekwa

Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha. Mume alikuwa nahodha wa boti ya kuvusha watu ziwani, mke akikaa nyuma kupanga abiria na kuangalia injini. Waliamka wakitaniana, wakalala wakitaniana.

Ila injini yao ilikuwa kuukuu, ikichaji betri bila kujua kipimo. Fundi alipima kwa mita, akakuta volti kumi na saba.

"Shemeji, hii imezidi mno," alimwambia mke. "Betri itachemka itoe gesi, na gesi ile inashika moto. Fungeni kifaa cha kupunguza chaji. Kabla hamjakipata, washeni taa kubwa hata mchana, ile chaji ya ziada iliwe."

Basi wakawa wanawasha taa mchana kweupe. Watu nao hawaishi maneno. Pale gatini wakaanza: "Nahodha, umepoteza nini na jua lote hili?" Haikuchukua muda, bwana akaizima, na habari ya kifaa akaiacha hapo hapo.

"Baba watoto, iwashe," mkewe alimsihi. "Betri inanuka kama yai viza. Iguse uone inavyounguza."

"Nani nahodha hapa?"

"Wewe."

"Basi niachie kazi yangu."

Angefanyaje? Alimwendea kaka wa mumewe aje aseme na ndugu yake; kaka mtu akacheka mpaka akakohoa. Mke akaiwasha taa kwa siri. Mume akang'oa waya wa taa. Kila safari alikaa na betri ile miguuni, akiiona inavyovimba tumbo. Aliogopa, ndugu zangu, na hakuwa na pa kuupeleka woga wake.

Asubuhi moja injini ilizimika katikati ya ziwa. Mume akainama juu ya betri, akakaza waya uliolegea. Ikaruka cheche ndogo tu. Betri ikapasuka, asidi ikamwingia machoni.

Mke akamlaza mapajani, akawa anamwagia maji kwa kopo la kuchotea.

"Mama watoto, sioni."

"Namwaga, baba. Usifumbe."

"Sijafumba."

Akazidi kumwaga. Mpaka boti nyingine inafika kuwavuta, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Daktari alimsifu kwa yale maji, kisha akamwambia kwamba macho yote mawili yamekwenda.

Leo bwana yule anashikwa mkono kwenda msalani. "Si ningeiwasha tu," husema. Mkewe humfunga vifungo vya shati.

FUNZO

Ushauri wa fundi haupigiwi kura gatini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alipoteza macho. Nawe unayemcheka mtu anayejikinga, jua kwamba siku ya balaa hutakuwa na cha kumpa. Mkeo akikwambia anaogopa, msikilize siku hiyo hiyo. Yule wa boti aliyasema yote mapema, na bado ni yeye anayemwongoza mumewe asijigonge ukutani.