Bolti ya Nne

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Mwongeli alianza kuamka mapema kuliko siku za masomo. Saa kumi na moja alfajiri yeye na mama yake, Kasiva, walikuwa tayari kwenye foleni ya kisima, wakisogeza mitungi kwa miguu, hatua moja, kisha wakisimama tena. Mvua haikuwa imenyesha kijijini kwao Kavalyani tangu mwezi wa nne, na mito yote ya upande ule wa Kitui ilikuwa imebaki mchanga mtupu. Mitungi ikijaa, waliipakia nyuma ya gari lao kuukuu wakaipeleka kwa wenye maduka na hoteli za sokoni. Halafu walirudi kwenye foleni. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, kwa maana baba yake, Kiema, alikuwa mlinzi Mombasa na alikuja nyumbani mara mbili tu kwa mwaka.

Ili mitungi ipate nafasi, kiti cha nyuma cha gari kiling'olewa na kuwekwa sebuleni, ambako wageni walikikalia bila kujua kilitoka wapi. Lakini kila baada ya wiki mbili, Jumatano jioni, kilirudishwa garini kwa ajili ya Kisilu.

Kisilu alikuwa ndugu yake Mwongeli, mwenye miaka sita. Tangu azaliwe, misuli yake haikumtii. Hakuweza kukaa wima bila kushikwa, na shingo yake ilichoka upesi kama ya mtoto mchanga. Akili yake hata hivyo ilikuwa kali, na hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu kipande cha nyama kilichobaki sufuriani. Kila Alhamisi ya pili alipelekwa hospitalini Mutomo kunyooshwa viungo. Huko walikuwa wamempa kiti cha mtoto chenye mikanda mitano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya miguu, yote ikikutana kwenye kifungo kimoja. Kiti hicho kilifungwa juu ya kiti cha gari, na kiti cha gari kilishikwa sakafuni na bolti nne. Bolti zikilegea, mikanda mitano haina faida.

Jambo hilo Mwongeli alilijua vizuri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alipokuja Krismasi alimfundisha kulitunza gari: kupima oili, kuongeza maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, kukagua magurudumu, na mwisho kukaza bolti za kiti. Alimwambia kila bolti ikazwe kwa spana mpaka mkono ushindwe, kisha kiti kitikiswe kwa nguvu. Kiti kikicheza, kazi haijaisha.

Jumatano hiyo walikuwa wamekwenda kisimani mara nne. Jua lilipokuwa linazama, Kasiva aliingia jikoni kupika, naye Mwongeli akabaki na gari. Mgongo ulimuuma na viganja vilikuwa vimechubuka kwa vishikio vya mitungi. Alipima oili, akamimina maji kwenye rejeta, akaburuta kiti kutoka sebuleni na kukipandisha garini peke yake. Bolti ya kwanza ilikaza. Ya pili nayo ilikaza. Ya tatu aliifikisha nusu tu, akapumzika, na alipoanza tena alikuwa amesahau kwamba hakuimaliza. Ya nne ilikuwa na kutu, na kila alipoizungusha ilizunguka tu bila kushika. Alijaribu mara tano. Mara ya sita spana ilimponyoka ikampiga kwenye kidole, akaketi chini na machozi yakamtoka.

Mama yake aliuliza kutoka jikoni kama amemaliza, akataka kujua kama bolti zote zimekazwa.

"Zote nne," alijibu Mwongeli.

Aliona kwamba ni uongo mdogo, wa usiku mmoja tu. Angeamka mapema akamalizie. Aliiacha spana juu ya jiwe uani, akala, akalala kama gogo.

Alizinduliwa na honi. Mama yake alikuwa ameshawasha gari, na Kisilu alikuwa ameshafungwa kitini, ameoga, amevaa shati lake jeupe la kanisani. Siku hiyo haikuwa kama Alhamisi nyingine. Daktari bingwa wa mifupa ya watoto alikuwa anakuja Mutomo kutoka Nairobi, na alikuja mara moja tu kwa miezi mitatu. Angempima Kisilu ili atengenezewe vyuma vya miguu na kifaa cha kusimamia. Mara iliyopita walichelewa kwa sababu ya pancha, wakamkosa. Kasiva alikuwa amehesabu wiki zote tangu siku ile. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia Mwongeli aingie haraka, kwani wanaopewa namba ni thelathini tu na lango hufunguliwa saa mbili.

Mwongeli alikaa nyuma kando ya ndugu yake, kama kawaida, ili amshike kichwa barabara ikiwa mbovu. Alitaka kusema. Alimtazama mama yake shingoni, alivyokuwa ameinama kwenye usukani kama mtu aliyebeba mzigo, akageukia dirisha.

Hawakwenda mbali kabla sauti haijaanza. Gari lilipopita kwenye shimo, chini ya kiti paligonga: ko. Likipita jingine: ko, ko. Kasiva alisema pengine ni mtungi mtupu uliosahauliwa nyuma. Mwongeli aligeuka akaangalia. Hapakuwa na mtungi. Aliweka mkono kwenye ukingo wa kiti, upande wa Kisilu, akahisi kiti chote kikiinuka kidogo na kurudi chini kila gari lilipotikisika. Kisilu alicheka. Alidhani anabembezwa.

Mbele yao ilikuwa Kwa Mbevo, mahali barabara inapoteremka ghafla hadi kwenye mto mkavu, halafu inapanda upande wa pili. Kila dereva hukanyaga breki pale kwa nguvu, na mara nyingi ng'ombe huwa wamesimama katikati ya mchanga. Mwongeli alijua kwamba breki zikishika, mikanda itamzuia Kisilu asitoke kwenye kiti chake. Lakini kiti cha gari chenyewe, pamoja na Kisilu juu yake, kingekwenda mbele na kugonga kiti cha dereva. Alijua pia kwamba wakisimama sasa, daktari watamkosa tena.

"Mwaitu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita mama. "Simamisha gari."

"Kisilu anatapika?"

"Hapana. Bolti ya nne haijashika. Jana nilikudanganya."

Kasiva alipeleka gari kando polepole, akazima injini. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akashika kiti na kukivuta. Kiliinuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku. Bolti ya nne ilikuwa imeshatoka na ilikuwa chini ya zulia. Ya tatu ilishikilia kwa mizunguko miwili tu.

Aliomba spana. Mwongeli akamwambia ilibaki nyumbani, juu ya jiwe.

Mwongeli alitarajia kugombezwa, na pengine kofi. Badala yake mama yake alimfungua Kisilu, akambeba, akaketi naye kwenye ukingo wa barabara, akamfuta vumbi usoni. Hilo lilimuumiza Mwongeli kuliko fimbo. Magari mawili yalipita na vumbi lake. Jua lilikuwa limeshapanda. Saa mbili ikapita.

Gari la tatu lilikuwa pikapu iliyopakia mbuzi. Ilipunguza mwendo, ikasimama. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio wa kahawia, akawasalimu na kuuliza wamepatwa na nini. Alisema anaitwa Abdiya, ananunua mbuzi Mutomo na kuwapeleka Garissa, na kwamba mtu anayesafiri na wanyama barabara kama ile hawezi kukosa spana. Alitoa sanduku la vifaa na kopo la maziwa lililojaa nati na bolti za kila aina.

Aliinama akachunguza sakafu ya gari kwa tochi. Alimwonyesha Mwongeli mashimo ya bolti. Kiti kimefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno, alieleza, kwa hiyo meno ya ndani yamelika, na hata mtu mwenye nguvu kiasi gani asingeweza kuikaza bolti ile. Kisha akasogeza tochi upande wa pili, kwenye bolti ya kwanza, akaikwangua kwa ukucha. Bolti hiyo ilikuwa imezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli ili ionekane imeshika.

"Huu mpira uliweka wewe, binti?" aliuliza.

Mwongeli alitikisa kichwa. Jana, katika giza la jioni, aliirudisha bolti ile na mpira wake bila kuuona.

"Niliuweka mimi," Kasiva alisema kutoka pale alipokaa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki mbili zilizopita. Niliona imelika. Nikasema nitalipeleka gari kwa fundi, halafu maji, halafu kazi nyingine. Sikumwambia mtu."

Abdiya hakuwalaumu. Alichagua bolti mbili ndefu zaidi kwenye kopo lake, akamwambia Mwongeli azishike kwa juu kwa spana, naye akalala chali vumbini, akaingia chini ya gari kuzifunga nati kwa chini. Mbuzi walilia pale juu ya pikapu. Mwongeli alishika spana kwa mikono miwili, na safari hii hakupumzika hadi aliposikia sauti kutoka chini ikimwambia inatosha. Walipomaliza hizo mbili, wakakaza ya tatu, na wakairudia ya pili ingawa ilikuwa nzima. Abdiya alikishika kiti akakitikisa. Gari zima lilitikisika, lakini kiti hakikucheza.

Kasiva alimrudisha Kisilu kitini. Abdiya alipitisha vidole viwili kati ya mkanda na bega la mtoto, akasema vikiingia viwili mkanda uko sawa, vikiingia vinne umelegea. Aliukaza kidogo upande wa kushoto. Kasiva alitaka kumpa kitu cha kumshukuru, lakini Abdiya alikataa. Alisema tu gari walipeleke kwa fundi kabla ya mwezi kwisha, maana yeye si fundi, kisha akaondoka na mbuzi wake.

Walifika hospitalini saa nne na nusu. Namba thelathini zilikuwa zimekwisha. Mwuguzi wa mapokezi alimsikiliza Kasiva hadi mwisho, akamtazama Kisilu, akatazama mikono ya Mwongeli iliyojaa grisi, akasema hawezi kuahidi chochote. Wakae. Wengine wakimalizika, atamwomba daktari.

Walikaa kwenye benchi. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kisilu alilala magotini pa mama yake. Mwongeli alikuwa na njaa. Hatimaye alisema jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi, kwamba kama wakimkosa daktari, kosa litakuwa lake.

Kasiva alimgeukia.

"Tukimkosa, tutarudi baada ya miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu ni mirefu, lakini ina mwisho. Kama ungenyamaza mpaka Kwa Mbevo, sijui tungekuwa tunangoja nini sasa hivi." Alimrekebishia Kisilu shingo, akaendelea. "Sikiliza, Mwongeli. Kuchoka si kosa. Ulichoka, mimi nilichoka, hata gari limechoka. Kosa letu ni kuficha. Wewe ulisema umekaza, mimi nikavisha bolti mpira ili ionekane nzima. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ikikushinda, niambie imekushinda. Sitakupiga kwa hilo. Nitakuja tushike spana pamoja, au tuache mpaka kesho. Na mimi nitakuambia yangu."

Alimwambia pia kwamba kiti cha nyuma hakitang'olewa tena. Watabeba mitungi michache nyuma yake, na watakwenda kisimani safari moja zaidi. Mwongeli aliifikiria safari hiyo ya ziada, na miguu ikamuuma papo hapo, lakini alikubali.

Saa tisa kasoro, mwuguzi aliwaita. Daktari alikuwa ameshavua koti lake na kufunga mkoba. Aliufungua tena. Alimpima Kisilu miguu, nyonga na mgongo, akaandika vipimo vyote kwenye karatasi, akasema vyuma vitakuwa tayari kabla ya Krismasi. Kisilu alimuuliza kama vyuma hivyo vitapakwa rangi. Daktari alimuuliza anataka rangi gani, naye akachagua nyekundu.

Nje, jua lilikuwa kali bado. Mwongeli aliingia nyuma, akakitikisa kiti kwanza, kisha akamfunga ndugu yake, akapitisha vidole viwili chini ya kila mkanda. Mama yake aliketi kwenye usukani, akashika ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Mwanangu," alisema, "nimechoka. Nikiendesha sasa nitasinzia njiani. Tulale kidogo hapa, halafu twende."

Walifungua vioo vyote. Kisilu alikuwa wa kwanza kulala, kisha mama yao, kichwa chake kikiwa kimeegemea mlango. Mwongeli alikesha dakika chache akiwasikiliza wakipumua, halafu naye akafumba macho.