Taa Kwenye Maji ya Sukari

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, taa ndogo nyekundu iliwaka mahali isipotakiwa kuwaka.

Ilikuwa juu ya meza ya shangazi, fundi redio, katikati ya nyaya na skrubu. Kadogo, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameyeyusha sukari katika glasi ya maji ya mvua, kisha akatumbukiza ncha za nyaya zilizounganishwa na betri na taa. Mwanga ulikuwa hafifu, lakini ulikuwapo.

"Umekwisha!" binamu yake alicheka. "Jumatatu ufagio ni wako."

Ijumaa darasani, mwanafunzi mwenzake, Mbishi, alikuwa amedai kwamba chochote kinachoyeyuka majini hupitisha umeme. Kadogo alisema chumvi ndiyo, sukari hapana. Wakapatana: atakayeshindwa atafagia darasa wiki nzima.

"Nyamaza tu," binamu alinong'ona. "Nani atajua?"

Kadogo alimgeukia shangazi yake.

"Shangazi, sukari imewasha taa."

Shangazi hakuinua kichwa. "Basi imewasha. Kabla yake ulikoroga nini?"

"Chumvi."

"Kwa kijiko kipi?"

Kadogo alikitazama kijiko. Kilikuwa hicho hicho kimoja, na ukingoni kilikuwa na weupe wa chumvi. Binamu aliacha kucheka.

Kadogo aliosha kijiko, glasi na ncha za nyaya. Akakoroga sukari upya. Giza. Akarudia. Giza tena.

"Chumvi ikiyeyuka," shangazi alisema, "hutengana ikawa ioni, chembe zenye chaji ya umeme, nazo ndizo zinazobeba umeme. Molekuli za sukari hutawanyika tu, kila moja ikiwa nzima, haina chaji. Ungeificha ile taa, mwanangu, ungebaki na jibu sahihi usilolielewa. Ukiona usichokitarajia, kiseme kwanza, halafu tafuta chanzo chake."

Jumatatu Kadogo alianza kwa kusimulia kosa la kijiko, na darasa zima likacheka, yeye akiwemo. Kisha akamwachia Mbishi kazi yote. Mbishi aliosha, akakoroga sukari, akatumbukiza nyaya, akainama mpaka pua ikakaribia kulowa.

"Betri zako zimekufa," alisema.

"Haya, osha nyaya uzitie kwenye maji ya chumvi."

Taa iliwaka nyekundu. Mbishi aliikodolea macho, akajikuna kisogo, akaenda kwenye kona kuchukua ufagio.