Mardhiya Hakukanyaga Waya

Kila siku akitoka chuoni, Ruweida alipitia studio ndogo ya shangazi yake Thuraiya, mjini Wete. Alifagia, akakunja nyaya, kisha akajifunza kutengeneza sauti kwenye kompyuta.

Alhamisi moja walikuja wasichana wa madrasa kurekodi kasida ya Maulidi. Aliyeongoza alikuwa mwalimu wao, Bi Mwatum, mtu mzima mwenye sauti tamu. Walipomaliza, shangazi aliondoka kwenda kuswali Alasiri.

"Wasikilizishe," alimwambia Ruweida, "lakini usiongeze kitu."

Ruweida alitaka wasichana wale wa rika lake wamwone fundi. Kila sauti akaiwekea mwangwi wake, na madoido mengine juu yake. Alipobonyeza kitufe cha kucheza, kasida ikakatikakatika na kukwaruza.

"Kuna nini, mwanangu?" aliuliza Bi Mwatum.

Ruweida alibabaika, akamnyooshea kidole msichana aliyesimama karibu na maikrofoni. "Mardhiya kakanyaga waya wa maikrofoni."

"Mie? Wallahi sijaukanyaga!" Mardhiya alilia.

Wenzake walimkodolea macho. Akatoka nje, akaketi barazani peke yake.

"Basi, narudia," alisema Bi Mwatum. Akaimba tena. Mikwaruzo ilikuwa ile ile. Akaimba mara ya tatu, akakohoa, akaomba maji. Ruweida alimpa gilasi bila kumtazama usoni.

Shangazi aliporudi, alisikiliza kidogo tu. "Nani kagusa hapa?"

Kutoka barazani kilisikika kikwifukwifu cha Mardhiya.

"Ni mie, shangazi," Ruweida alisema, machozi yakimlengalenga. "Mardhiya hakukanyaga waya. Nimemsingizia."

Shangazi aliketi. "Sauti zenyewe ni nzima. Kompyuta ndiyo iliyolemewa. Umeitaka itengeneze mwangwi wa kila mtu kwa wakati mmoja." Akaondoa miangwi yote na madoido ya wasichana, akaweka mwangwi mmoja ambao sauti zote zilipitia. Madoido ya sauti ya Bi Mwatum aliyachanganya moja kwa moja na sauti yake, akaihifadhi kama rekodi mpya, ili kompyuta isiyatengeneze upya kila inapocheza. Akabonyeza. Kasida ikatoka laini.

"Kumbe ile ya mwanzo ilikuwa nzima?" aliuliza Bi Mwatum, sauti imemkauka.

Ruweida alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, Bi Mwatum."

"Mie nimekusamehe. Yuko mwenzio huko nje."

Ruweida alitoka, akamwomba radhi Mardhiya.

"Wao wanajua mie ndiye mharibifu," alisema Mardhiya. "Waambie wewe."

Ruweida akamshika mkono, wakaingia pamoja. Mbele ya wote Ruweida alisema, "Mardhiya hana kosa. Nimesema uongo." Wasichana waliinamisha vichwa, kisha mmoja akasogea kumpisha Mardhiya akae kitako.

Jioni shangazi alimwambia, "Kuilemeza kompyuta ni kosa la mtu anayejifunza, na nimekwishalitengeneza. Lakini uongo wako umemliza Mardhiya na kumkausha koo Bi Mwatum. Ukikosea, sema mapema, Ruweida, kabla mwenzio hajabeba lawama yako."

"Naam, shangazi," alijibu Ruweida, kichwa chini.